Karata Zilizonuka Mafuta ya Nywele

Kazini walimwita Sabuni, naye hakuwahi kuuliza nani aliyeanza. Kwa miaka kumi na sita alikuwa akiosha vifaa vya upasuaji katika hospitali kubwa ya mji. Vifaa vilimfikia kupitia dirisha dogo la kuteleza, vikiwa ndani ya trei za chuma, bado vina uvuguvugu wa mwili wa mtu. Aliviloweka, akavisugua kwa brashi kwenye maungio, akavisuuza, akavikagua chini ya taa yenye kioo cha kukuzia, kisha akavifunga kwa kitambaa cha kijani na kuviingiza kwenye mashine ya mvuke. Damu haikumtia kinyaa. Damu, alisema, ni kitu kinachojulikana: ina dawa yake, inatoka. Kilichomtia kinyaa ni uchafu wa mazoea, ule ambao watu huishi nao mpaka wakadhani ndiyo rangi ya kitu chenyewe. Kola ya shati. Swichi ya taa. Mkono wa kikombe cha ofisini. Akitembelewa na wageni alitabasamu vizuri tu, lakini macho yake yalifuata mikono yao kila ilipotua.

Dada yake alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alikuwa msusi, mwenye saluni ya viti vitatu karibu na kituo cha mabasi, na mikono yake ilimeta mafuta tangu asubuhi hadi jioni. Akikusalimia alikushika uso wote kwa viganja viwili. Sabuni alimpenda kuliko binadamu yeyote, na kila alipotoka kwake alinawa mpaka kwenye viwiko.

Ni katika saluni hiyo ndimo karata zilimoingia. Dada alizikuta sokoni, chini ya boksi la vitabu vya mtumba, miaka miwili nyuma. Zilikuwa sabini na nane, ndefu kuliko karata za kuchezea, zimechorwa kwa kuiga vile vitabu vya kale vya Ulaya vilivyoandikwa kwa mkono, zama za wafalme na ngome. Pembeni zilipakwa rangi ya dhahabu, katikati walisimama watu wenye shingo nyembamba na macho ya usingizi. Hakuzinunua kwa ajili ya kujua bahati. Alizinunua kwa sababu ya nywele. Wanawake wote waliochorwa mle walikuwa wamenyolewa mapaji ya uso hadi karibu na utosi, na dada alitaka kujua nani aliwafanyia vile na kwa kosa gani. Akazitandaza mbele ya kioo cha saluni. Wateja wakaanza kuuliza hii nini, ile nini. Akasoma kijitabu kilichokuja nazo, ambacho nusu ya kurasa zake zilikuwa zimeng'oka, na palipokosekana ukurasa akajaza mwenyewe. Kabla mwaka haujaisha, watu walikuwa wakija kusuka na kusomewa kwa mkupuo mmoja.

Alizichanganya kwa mikono ileile. Ndiyo maana, baada ya miaka miwili, dhahabu ya pembeni ilikuwa imegeuka rangi ya chai iliyolala. Zilinata. Vipande vya nywele vilikuwa vimeganda kwenye kingo, na ukizileta karibu na pua ulipata mafuta, jasho na nywele zilizoungua kwenye pasi, vyote kwa pamoja. Sabuni alizishika mara moja tu, kwa ncha za kucha, akazirudisha mezani.

"Hizi si karata," alisema. "Hii ni kola ya shati yenye picha."

Dada akacheka mpaka mteja akamwambia amalize kwanza kichwa chake.

Sasa, dada alikuwa na tezi la shingo. Lilianza kama limau; likawa ngumi. Mwaka huo lilianza kubana koo kwa ndani, akawa analala ameegemea mito mitatu na kukoroma kama anayesukuma kabati. Daktari wa upasuaji alimweleza bila kuzunguka: si suala la urembo tena, njia ya hewa inafinywa, na ikifungwa haitapiga hodi. Sabuni alihangaika mpaka akampatia nafasi, Jumanne ya wiki ya nne. Daktari huyo alikuwa anahamishwa mwisho wa mwezi, na baada yake hakukuwa na mwingine wa shingo kwa muda usiojulikana.

Jumatano ya wiki ya kwanza, saa ya chakula cha mchana, shemeji yake, fundi seremala, alimsubiri kwenye lango la hospitali akiwa bado na vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Shemeji, dada yako hafanyiwi tena."

"Hafanyiwi nini?"

"Huo upasuaji. Anasema karata zimekataa."

Sabuni alimtazama kama anayekagua koleo lililopinda.

"Amevuta mara tatu, imetoka ileile," shemeji aliendelea. "Yule mtu aliyelala kifudifudi na panga kumi mgongoni. Na upanga wa kwanza umechomwa wapi? Shingoni. Sasa niseme nini mimi? Nilioa mke, sikuoa pakiti ya karata."

"Na wewe ulikaa kimya?"

"Nilifungua mdomo. Akanivutia na mimi ya kwangu. Ikatoka yule mjinga anayeng'atwa makalio na mbwa."

Jioni hiyo Sabuni alikwenda saluni na maneno yote ya hospitali. Alichora njia ya hewa kwenye ukungu wa kioo. Alitaja mgonjwa mmoja baada ya mwingine, waliopona na waliochelewa. Dada alisikiliza huku akifumua nywele za mteja, sauti ikimtoka nyembamba, kama inayopita kwenye mrija.

"Mdogo wangu, hayo yote nimeyasikia," alisema. "Lakini wewe unabishana na kitu usichokijua. Mimi nikija kwenye lile dirisha lako nikuambie mkasi huu mbovu, utanisikiliza?"

"Sitakusikiliza."

"Basi. Jifunze karata. Ukizijua, njoo tubishane."

Alisema hivyo kwa utani, nusu. Sabuni alilichukua lote. Alizibeba karata nyumbani siku ileile, ndani ya mfuko wa plastiki wa kubebea vipimo, pamoja na kijitabu na daftari ambamo dada aliandika maana zake kwa penseli. Sharti la kujifunza lilikuwa moja, na dada alilirudia mara mbili mlangoni: karata hazikaririwi kama mtihani. Unazishika kwa mikono mitupu, unatembea nazo karibu na mwili, asubuhi unaziambia jambo lako moja la kweli. Unazizoea, zinakuzoea. Sabuni alipiga hesabu: tano kwa siku, siku kumi na sita, zitabaki siku tatu kabla ya ile Jumanne.

Siku ya kwanza alizishika kwa glavu. Siku ya pili dada alipita hospitali kuchukua majibu ya damu, akaziona zikiwa mfukoni mwa koti lake la kazi, zimefungwa kwenye plastiki.

"Umezifunga kama maiti," alisema. "Zitakuambia nini humo?"

Akavua glavu. Mtu asiyeosha vitu kwa riziki hawezi kuelewa kilimgharimu nini. Zilishika vidole na kuachia taratibu, kwa sauti ndogo ya kubanduka, na kila alipozitoa mfukoni alihisi mtu asiyemjua amempangusia mkono. Na picha zenyewe hazikumsaidia. Kadiri alivyozikagua, ndivyo zilivyozidi kumchefua, maana alizikagua kama kazi. Shetani alikuwa na uso wa pili tumboni, ulimi umening'inia juu ya kitovu. Kwenye karata ya Mnara watu wawili walianguka vichwa chini, na mchoraji hakusahau kuwachora midomo iliyojaa udongo. Kifo alilima shamba lenye viganja na visigino. Mfalme wa Vikombe alivaa pete juu ya glavu, naye Sabuni aliwaza kuhusu unyevu wa ndani ya glavu ile mpaka chai ikamshinda. Panga ndizo zilizomkera zaidi. Zilikuwa kumi na nne katika seti, kila moja na madoa, na hakuna hata mtu mmoja katika karata zote sabini na nane aliyechorwa akifuta upanga.

Nesi wa chumba cha upasuaji, mwenzake wa siku nyingi, alimkuta kwenye mapumziko ameinamia karata.

"Sabuni, siku hizi unacheza na mashetani?"

"Nasoma."

"Usome nini na sura hiyo? Unafanana na mtu aliyemeza nzi."

"Ndivyo ninavyojisikia."

Lakini alisoma. Alikuwa mtu wa kumaliza kazi. Asubuhi, kabla ya kufungua mabomba, alifanya kama alivyoagizwa: aliziambia karata jambo moja la kweli, kwa sauti ya chini, akiona aibu mbele ya mashine. Mwanzoni alisema mambo madogo. Leo mgongo unauma. Jana nilimdanganya jirani kwamba nimekula. Siku ya saba akasema, naogopa dada yangu atakufa ameketi juu ya mito, na alipojisikia akisema hivyo alizirudisha mfukoni haraka, kama aliyekutwa akijichungulia kwenye kioo cha mtu.

Karata moja tu haikumchefua. Ilikuwa ya mwanamke anayemimina maji kutoka mtungi mmoja kwenda mwingine, uso umetulia, tone halimwagiki. Wateja wa saluni walimwita Mama Mtungi. Kijitabu kilisema ni kiasi, subira, mwili kurudi kwenye hali yake. Sabuni aliona tu kwamba huyu, angalau, alikuwa karibu na maji.

Siku ya kumi na mbili vidole vyake viligundua jambo. Kwa miaka mingi alikuwa ametambua mikasi iliyolegea kwa kuigusa tu, hata kabla ya kuitazama, na siku hiyo, akikata rundo la karata mara mbili kama alivyofundishwa, alihisi rundo linafunguka lenyewe, mahali pamoja, kama mlango uliozoea kusukumwa. Akageuza. Panga Kumi. Akachanganya upya, akakata. Panga Kumi. Akajaribu mara kumi. Mara saba ilitoka ileile. Akaiweka chini ya kioo cha kukuzia. Karata ilikuwa imepinda kidogo kama soli ya kiatu, na upande mmoja ulikuwa umevimba. Akaelewa: siku moja ilianguka ndani ya bakuli la mafuta, ikakauka chini ya mashine ya kukaushia nywele, na tangu hapo ilikuwa ikijitoa yenyewe kwa kila mkono. Mafuta ya nywele ndiyo yaliyokuwa yakimkataza dada yake upasuaji.

Alikwenda saluni mbio, koti la kazi likiwa bado mwilini, akamwonyesha. Dada alikata mwenyewe mara tano. Akaona. Akaipeleka karata usawa wa jicho, akaona na mpindo.

"Ni kweli," alisema.

"Kwa hiyo Jumanne unakwenda."

"Nani aliiangusha kwenye mafuta?"

"Wewe."

"Mkono wangu. Karata sabini na nane, na mkono wangu ukaangusha hiyo. Wewe unaona mafuta, mimi naona imepata njia ya kusema." Akaiweka chini, akajishika shingo. "Usikasirike. Nakusikia. Lakini nikilala pale mezani na hofu hii, sitaamka. Hilo najua."

Sabuni alisimama katikati ya saluni, kati ya nywele zilizokatwa na harufu ya pasi, akajisikia kutapika. Hakuchefuliwa na dada yake. Alichefuliwa na jinsi uchafu unavyoweza kupewa heshima ukikaa sana. Mtu anaacha doa, doa linakaa, na baada ya miaka miwili doa linaulizwa kama mtu aishi au asiishi.

Na hapo akaamua kufanya jambo ambalo mpaka leo hapendi kulieleza.

Nyumbani aliifuta Panga Kumi kwa spiriti, akainyoosha kati ya vioo viwili, akaweka pasi baridi juu yake mpaka asubuhi. Ikanyooka. Jumamosi alikwenda saluni. Dada alikuwa nyuma, akiosha kichwa cha mteja kwenye beseni, maji yakitiririka na maongezi yakiwa makubwa. Mbele ya kioo palikuwa na kopo la mafuta. Sabuni alilifungua. Juu ya mafuta palikuwa na vinyweleo, magamba ya mba, na mstari wa kijivu mahali viganja vilipopita kwa wiki nzima. Alifumba macho, akaingiza vidole viwili hadi kwenye kiungo cha pili. Yalikuwa vuguvugu. Hilo ndilo ambalo hakulitarajia. Akampaka Mama Mtungi nyuma na mbele, taratibu, akamkunja juu ya goti mpaka akashika umbo, akamrudisha katikati ya rundo. Kisha akanawa mara tatu kwa sabuni yake mwenyewe, na kwenye basi la kurudi alikaa amenyoosha vidole mbali na nguo.

Jioni ya Jumapili walikaa nyumbani kwa dada, shemeji akiwa shahidi.

"Nimezimaliza," Sabuni alisema. "Sabini na nane. Nakuomba uvute tena, mara tatu, kwa mkono wako."

"Na mimi msinivutie," alisema shemeji. "Yule mbwa bado namsikia."

Dada alichanganya. Akakata. Mama Mtungi. Akachanganya tena, kwa muda mrefu zaidi. Mama Mtungi. Mara ya tatu alikata polepole sana, vidole vikikaa juu ya rundo kabla ya kugeuza, na Sabuni akaona kidole gumba chake kinapita kwenye ukingo wa karata, kinarudi, kinapita tena. Akageuza. Hakuitazama. Aliitazama mikono ya mdogo wake, iliyokuwa imekunjwa mapajani, wekundu wa kusuguliwa ukionekana kwenye vifundo.

"Haya," alisema. "Jumanne."

Shemeji alishusha pumzi iliyopeperusha vumbi kwenye meza. Sabuni aliaga mapema. Njiani hakusikia ushindi wowote. Alijiona kama mtu aliyepaka rangi juu ya kutu, akaliita safi.

Jumanne asubuhi alimkuta dada wodini, amevaa gauni la hospitali linalofungwa kwa nyuma, nywele zimesukwa vizuri na mtu mwingine kwa mara ya kwanza katika miaka.

"Njoo karibu," dada alisema. "Sauti yangu ni ndogo. Mimi huchota mafuta kwa kiganja, kutoka pembeni. Jumamosi nilikuta matundu mawili ya vidole katikati ya kopo, yamenyooka kama ya sindano."

Sabuni akanyoosha shuka lisilokuwa na mkunjo.

"Na karata ilikuwa na mafuta mabichi. Nimezishika miaka miwili, wewe ulidhani sitajua?"

"Kwa nini ukakubali?"

"Kopo lile hata mimi wakati mwingine silitazami." Dada alivuta pumzi, akangoja ipite. "Nikasema, huyu mtoto anayefuta kiti cha basi kabla ya kukaa, ametia vidole mle. Kwa hiyo naumwa kweli. Maneno ya daktari hayakunionyesha. Na mkinifanya nisiamke, ujue hilo kopo nakurithisha."

"Usinitie kichefuchefu mapema."

"Unacho tayari. Nenda kafanye kazi, wasije wakanikata na vitu vichafu."

Wakamsukuma. Sabuni alirudi kwenye chumba chake. Hakuruhusiwa kuingia upande wa pili wa dirisha, na hakuomba. Alisugua meza. Alisugua bomba. Saa mbili na dakika arobaini zilipita kwa saa ya ukutani, nayo ilihitaji kufutwa, akaifuta.

Kisha dirisha likateleza na trei ikasukumwa ndani, bila neno. Alijua ni ya nani. Damu ile ile ambayo kwa miaka kumi na sita ilikuwa kitu kinachojulikana, safari hii ilimgeukia. Iliganda kwenye meno ya koleo, iliingia kwenye maungio ya mikasi, na ilikuwa ya mtu anayemshika uso kwa viganja viwili. Alikimbilia sinki, akatapika, akafungua maji. Sinki lilibidi lioshwe kwanza. Akaliosha.

Ndipo alipoitazama trei sawasawa. Makoleo madogo yalikuwa yametumika, yote. Makubwa, yale ya damu iliyoshindikana, yalikuwa makavu na yanang'aa. Na pembeni, kwenye kitambaa chake cha kijani, ilikaa seti ya kutobolea koo, ile ya hewa ikifungwa ghafla. Fundo lilikuwa lilelile alilofunga yeye mwenyewe Jumatatu. Hakuna aliyelifungua.

Nesi aliinama dirishani, barakoa imeshushwa kidevuni.

"Ametoka salama, ndugu yangu. Ameshaanza ubishi. Anauliza nani amemharibia nywele akiwa amelala."

"Mwambie nakuja."

"Njoo sasa, trei itakusubiri."

"Haisubiri," alisema Sabuni. "Ikikauka haitoki."

Akavaa glavu, akajaza maji baridi, na kuanza na koleo dogo kuliko yote, brashi ikienda taratibu kwenye kila jino.